Visahani vya Kutazamwa

Jirani yangu huusukuma udongo wa plastiki kwa chupa ya soda, akaukandamizia kitambaa cha kufuma upate maua, kisha akauoka uwe visahani katika oveni ileile ya mikate ya watoto. Ukitaka kuweka hata ndizi kwenye kisahani chake, anakudaka mkono: "Shoga, hicho ni cha kutazamwa." Mungu anisamehe, ninavyo sita, na vyote vinatazamwa na vumbi. Mama mkwe wake hajapata kumsifia kitu tangu aolewe. Juzi alivikuta vimetoka motoni, akadhani ni biskuti, akang'ata kimoja na kutafuna ukingo kwa subira.

"Leo umejitahidi, mwanangu," akasema. "Mikate yako huwa migumu kuliko hizi."

Jirani yangu akaona haya kama bi harusi. "Asante, mama."