Mashine Inayowashwa kwa Tumbo

Baba yangu mdogo ni fundi seremala, mtaani wanamwita Injinia. Uinjinia hajausomea. Jina kalipata kwa sababu kwake yeye kitu kizima ni kitu ambacho hakijafunguliwa. Redio ya nyumbani kaifungua, ikarudi inashika stesheni moja na ukitaka kuongeza sauti unapiga ukuta. Pasi kaifungua, sasa hatuna pasi. Hayo tulicheka yakapita. Balaa lilianza alipohamia kwenye mashine ya kupasulia mbao.

Kwa asiyeijua: ni meza ya chuma yenye ufa katikati, na kwenye ule ufa limechomoza diski la meno linalozunguka. Unasukuma ubao, unatoka vipande viwili. Ukisukuma kidole, hivyo hivyo. Ndiyo maana diski linakuja na kava yake juu. Hawakuiweka kwa urembo.

Injinia aliing'oa wiki ya kwanza. "Inanizibia mstari," akasema, akaitundika mlangoni akawa anawekea misumari. Halafu akaona mota ni mvivu, akafunga nyingine aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kusaga unga. Diski likawa linalia mpaka paka wa jirani akahama. Halafu akaja na kilele cha ujinga wake, na nasema ujinga kwa heshima zote: swichi ya tumbo.

Hoja yake ilikuwa hivi. Mikono yote miwili imeshika ubao, wa kuwashia utoke wapi? Basi akachukua kitufe cha feni mbovu, akakifunga kwenye ukingo wa meza, usawa wa kitovu. Unasogea, tumbo linabonyeza, mashine inawaka. Ukibonyeza tena, inazima.

"Viwandani hawajafika hapa," akaniambia.

"Labda walifika wakarudi, baba mdogo."

"Wewe kaa na simu yako."

Mkewe, mama mdogo, ni fundi cherehani, chumba chake kinapakana na karakana. Yeye hakucheka. Kaka yake aliacha vidole vitatu kwenye mashine kama ile, na ni mama mdogo aliyekuwa akimfungia vifungo vya shati kila asubuhi mpaka jamaa alipozoea.

"Mimi simfungii mtu mzima vifungo tena," akamwambia mumewe mbele yangu. "Rudisha kava, baba watoto. Kidole siyo kucha, hakioti."

"Miaka ishirini nashika mbao, mama watoto."

"Na kuku wetu alikaa hapa miaka minne. Siku ya kisu nani alimuuliza uzoefu?"

Injinia akainua mabega, akabonyeza tumbo, kazi ikaendelea.

Sasa Jumanne moja mchana akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani kuangalia kabati la vitabu aliloagiza. Mtu mpole, tumbo linamtangulia kama nusu hatua. Mashine ilikuwa imezimwa, ila plagi iko ukutani. Injinia yuko ng'ambo ya meza, anapangusa unga wa mbao kuzunguka diski kwa mkono mtupu. Mwalimu akaona rafu yake imelazwa juu ya meza. Akainama aitazame vizuri.

Tumbo likafika kabla yake.

Diski likalia. Likanasa mkono wa shati la Injinia, likautafuna hadi kiwikoni. Shati lilikuwa kuukuu, likachanika upesi, na huo uchakavu ndio uliomwokoa. Siyo miaka ishirini. Kipande cha ubao kilichokuwa kando ya diski kikaruka juu ya bega la mwalimu, kikaenda kutoboa mlango wa kabati lile lile alilokuja kuliangalia.

"Zima, mwalimu, bonyeza tena," Injinia akapiga kelele.

"Nibonyeze nini?"

"Tumbo. Bonyeza tumbo."

Mtu mzima, mwalimu mkuu, akajibonyeza tumbo kwa vidole viwili, kama mtoto anayemwonyesha daktari panapouma.

"Siyo hivyo. Lisukume kwenye meza."

"Kwenye meza kuna msumeno, bwana."

Mama mdogo aliingia na tepu shingoni, akatupita, akachomoa plagi. Diski likanung'unika, likasimama. Akaishika mikono ya mumewe, akahesabu vidole kimoja kimoja kwa sauti. Alipofika kumi, akaanza upya. Mimi sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo, kwa sababu mwalimu alikuwa bado amebana pumzi.

"Chukua koleo," mama mdogo akasema. "Kata waya."

Injinia akaukata mwenyewe. Mama mdogo akaondoka na plagi na kipande cha waya, akavifungia kwenye droo ya cherehani.

Siku nne Injinia alipasua mbao kwa msumeno wa mkono, mabega yamevimba, analalamika mpaka kwa wateja. Na wewe uliyeng'oa kava ya grainda yako ya kukatia vyuma kwa kuwa "inazuia kazi", nakuona. Wewe hata mke wa kukuchomolea plagi labda huna.

Siku ya tano akamwita mkewe. Kava imenyooshwa kwa fundi wa kuchomelea, iko juu ya diski. Mota ya zamani imerudi. Kuna kijiti cha kusukumia ubao unapokaribia mwisho. Swichi mpya imewekwa ubavuni, ndani ya kiboksi.

Mama mdogo akazunguka meza mara mbili, plagi mkononi.

"Tumbo linaifikia?"

"Haliifikii."

"Jaribu."

Injinia akajipinda, akachuchumaa, akajisukuma kwa ubavu, akashindwa. Akanyoosha mkono apewe plagi yake.

"Bado," mama mdogo akasema. "Kamwite mwalimu naye ajaribu."