Miguu ya Karatasi kule Upanga

Bibi yangu mzaa mama, kule kwetu kusini, alikuwa hatoki shambani bila tawi la mkorosho mkononi. Sisi tunatangulia, yeye anabaki nyuma anafagia nyayo zetu njia nzima mpaka mlangoni. Mchawi, alisema, hana haja na wewe mwenyewe. Akichota mchanga uliokanyaga, keshakupata. Nilikuwa namcheka. Na korosho za siku zile zilikuwa tamu, tunazichoma uani, moshi wake unawasha macho... basi, ya korosho tuyaache.

Nilipokuja Dar niliangukia Kariakoo, nyuma ya soko, nikawa fundi wa malapa ya matairi. Shule niliishia darasa la pili, lakini kupima najua. Mteja anasimama juu ya karatasi, nazungusha kalamu ya risasi pembeni mwa mguu wake, halafu nakata mpira kufuata mstari. Kazi ikiisha karatasi naichana vipande vipande. Wenzangu walidhani ni usafi. Haukuwa usafi, alikuwa bibi.

Sasa, miaka ile ya Ujamaa, sabuni unapanga foleni na tairi chakavu unaambiwa njoo kesho, akanijia Mhindi mmoja wa Upanga. Mzee mrefu, shati jeupe amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Amebeba ubao unaonizidi kimo, ncha yake moja imepinda juu kama ulimi. Katikati ya ubao pana kiatu cha mpira, kimeyeyuka kimekuwa kama lami.

"Fundi, unaweza kuurudisha mpira huu?"

Jirani yangu muuza kahawa, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akawahi. "Mzee, huo ubao wa kupigia pasi au wa kuoshea maiti?"

"Wa kusimamia juu ya bahari," akajibu yule mzee. Hakucheka.

Akanieleza. Unavaa mbao mbili miguuni, unashika kamba, boti ya injini inakimbia mbele, nawe unateleza juu ya maji umesimama wima. Kabla ya Uhuru, na miaka michache baadaye, palikuwa na klabu upande wa Msasani, wakicheza hivyo kila Jumapili. Klabu ikafa. Watu wakahama, huyu Uingereza, yule Kanada, na wengine wakafa bila kuhama. Yeye akabaki, akavikusanya vitu vyao vyote katika chumba kimoja nyumbani kwake. Nyumba yenyewe ilikwisha kutaifishwa, na chumba kile alitakiwa akiache. Lakini kuna kijana wa ofisi ya utamaduni alikuwa amekubali kuja Ijumaa. Akiridhika, vitu vitahifadhiwa viwe kumbukumbu ya mji. Asiporidhika, vinatupwa.

"Akikuta mpira umeoza atasema hizi ni kuni," mzee akaniambia. "Siku nne tu, fundi."

Nikaenda. Ghorofa ya pili, saa sita mchana, nje jua la kupasua kichwa, mle ndani baridi na madirisha yote yamefungwa. Jozi kumi na moja za mbao zilisimamishwa ukutani. Chini ya kila jozi, sakafuni, kulikuwa na karatasi mbili zilizochorwa miguu kwa kalamu ya risasi, wa kulia na wa kushoto, vidole vimeelekea mlangoni. Kumbe enzi zile viatu vya mbao hizo alikuwa akivikata yeye mwenyewe, kwa kupima mguu wa mtu, vilevile kama nifanyavyo mimi. Ila mimi nilichana, yeye alitunza. Nilisimama kizingitini nikaona watu wamejaa chumba kizima, na hakuna mtu.

"Pita, fundi. Huyo usimkanyage, ana hasira za karibu." Akawa ananionyesha mmoja mmoja. "Huyu mama anaogopa papa. Huyu anaanguka makusudi ili nimrudie."

Anaogopa, alisema. Anaanguka. Hakusema aliogopa.

Hakuniruhusu kuziinua karatasi. Nilipima nimepiga magoti. Na hapa nikwambie ukweli, ukinicheka shauri yako. Niliweka kiganja juu ya mguu mmoja, karatasi ilikuwa na unyevu. Nikasema jasho langu. Nikafuta mkono kwenye suruali, nikagusa tena. Unyevu. Nikagusa nje ya mstari wa kalamu, pakavu kabisa. Nikagusa mguu wa pili, wa tatu. Ndani ya mstari maji, nje pakavu. Nikaendelea kukata mpira wangu.

Jioni mke wangu alininusa mikono. "Leo ulikuwa feri?"

"Nilikuwa Upanga."

"Upanga kuna Wahindi, samaki umewatoa wapi? Kaoge, bwana, usinilalie hivyo."

Siku ya tatu niliinua macho kwenye picha za ukutani. Kila picha, mtu amesimama juu ya bahari, magoti yamekunjwa kidogo, kamba mkononi, na kamba inakwenda inakwenda mpaka inatoka nje ya picha. Hakuna kingine. Maji, mtu, na kamba iliyokazwa na kitu usichokiona.

"Wanavutwa na nini hawa?" nikauliza.

"Na mimi," akasema. "Boti nilikuwa naendesha mimi, miaka yote ile. Mpiga picha anakaa kando yangu, anageukia nyuma."

"Na picha yako wewe?"

Akatikisa kichwa, hana.

"Na karatasi yako ya mguu?"

"Dereva havai mbao, fundi." Akapangusa ubao uliokwisha kupanguswa. "Nataka waandike mstari mmoja tu. Kwamba aliyewavuta ni huyu."

Ijumaa kijana akaja, kaunda suti, jalada kwapani. Akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akazunguka, akabonyeza mpira wangu kwa kidole gumba, akasema, "Safi. Hivi tunachukua." Mzee akashika ukuta kwa furaha. Akataja majina ya wote kumi na mmoja, kijana anaandika.

"Na boti nani aliendesha?"

"Mimi."

"Una uthibitisho wowote, mzee?"

"Hawa wote wananijua," mzee akasema, akionyesha sakafu.

Kijana akatabasamu kidogo, halafu akanigeukia. "Ndugu fundi, wewe mwenyeji wa mji. Ulipata kumwona akiendesha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na lisingemdhuru kiumbe. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni, na vidole vyote vya mle ndani vilielekea kwangu, vikinisubiri. Nikahisi kwamba nikitoa uongo, wale waliokuwepo watausikia.

"Sikumwona," nikasema.

Kijana akaandika. Mzee akaisoma karatasi ile kwa upande wa pili, maandishi yakiwa kichwa chini: dereva, hajulikani.

Hakugomba. Alisema, "Haya." Akaanza kutoka, anatafuta pa kuweka mguu kati ya karatasi, anasema chini chini, samahani, samahani, kama mtu anayepita katikati ya waliokaa. Mlangoni nikampisha. Hakuniangalia. Akavaa viatu, akafunga kamba zake taratibu, akashuka ngazi.

"Amekwenda kuita gari?" kijana akauliza.

Nikafungua dirisha. Alikuwa juani, anaelekea Mnazi Mmoja, bila haraka, mikono mitupu. Nikamwita mara mbili. Tulimngoja mpaka alasiri, na mimi nikarudi Jumamosi nikangoja, na Jumapili. Hakurudi tena.