Sala ya Mlangoni

Kwetu hakuna anayevuka kizingiti asubuhi bila kuombewa. Sheria hiyo niliiweka mimi, na mume wangu hajawahi kuipinga, labda kwa sababu saa hiyo mdomo wake huwa umejaa mkate. Yeye ni dereva wa familia moja ya Lavington, na gari la watu lazima liwe limeoshwa kabla watoto wao hawajaamka. Mimi nina duka dogo la mapazia Ngara, na mteja wa mapazia, sijui alirogwa na nani, hufika mapema kuliko wateja wote wa dunia. Tunaishi mtaa wa Satellite, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Tuna binti mmoja wa miaka minne, ambaye ukimwambia tumechelewa ndipo anapokumbuka kwamba mwanasesere wake hajafunikwa blanketi.

Kwa hivyo sala yetu huwa ya mlangoni. Mara nyingi huwa nimepiga magoti, si kwa unyenyekevu, ni kwa sababu viatu vya mtoto viko chini. Naomba nikimfunga viatu, naomba nikimpaka mafuta usoni, naomba nikimuuliza baba yake kama amezima gesi. Mungu anatujua. Ningengoja nyumba itulie ndipo niombe, saa hii ningekuwa mpagani.

Jumapili nayo usiseme. Mume wangu yuko kwaya, mimi napokea watu mlangoni mwa kanisa, na Jumatano jioni kuna ushirika wa mtaa. Kwa Mungu tuko, kazini tuko, nyumbani tunapita tu.

Hayo ya kupita tu nyumbani hayakuwa maneno yangu, yalikuwa ya mama mkwe. Anakaa huko Limuru, ana shamba lake, ng'ombe wake na msimamo wake. Msichana aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alipoolewa, mama mkwe alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Nileteeni huyo mtoto nikae naye mpaka afike darasa la kwanza," akasema. "Nyinyi hamna nafasi. Juzi nimemuuliza kama anajua kuomba, akaninyamazia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Nilikasirika hadi nikaunguza chapati. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mume wangu alinyamaza, na huyo mtu akinyamaza ujue amekubali nusu.

"Si kwa ubaya," akaniambia baadaye. "Hata wewe unachoka."

Kuchoka nachoka. Lakini tangu lini mtu akichoka anagawa watoto? Nilimwambia hivyo hivyo, na bado mpango ukapangwa: mama mkwe aje Jumapili, alale kwetu, Jumatatu asubuhi aondoke na mjukuu wake. Siwezi kusema nilikubali. Nilikosa tu mdomo wa kumkatalia mama aliyemlea mume wangu peke yake, kwa maziwa ya kukamua kwa mikono yake. Usiku nililia ndani ya mto, kisha nikaamka nikaenda kuuza mapazia.

Jumapili ikafika. Nilipika kuku, nikasukuma chapati, nikaponda na mukimo, viazi na mahindi vya kwao, mimi mtu wa Kakamega, ili mama mkwe asipate pa kunishika. Begi la mtoto lilikuwa limeshafungwa, liko kando ya kochi. Juu yake nilikuwa nimeweka viatu vyekundu vya kanisani, vya kusafiria. Vile vyeusi vya shule yake ya chekechea nilivisukuma chini ya kitanda nisivione.

Tulipoketi mezani, mama mkwe akamgeukia mtoto. "Mami, hebu tuombee chakula."

Woi! Sala ya chakula kwetu huombwa na baba mtu, maneno mawili matatu na Amina, mtoto anasikiliza tu huku akihesabu minofu. Nikataka kusema niombe mimi, lakini mama mkwe alikuwa ameinua kidole. Mtoto akafumba macho mpaka pua ikakunjana. Alijua sala moja tu, na akaianza kwa sauti yangu mimi kabisa:

"Baba wa mbinguni, asante kwa kutuamsha, lete mguu. Tulinde njiani, si hicho, kile kingine. Bariki kazi ya mikono yetu, baba, gesi umezima? Adui asituguse, angalia juu nikupake, haya haya haya, uturudishe sote nyumbani. Kwa jina la Yesu, tumechelewa, Amina."

Kisha akainua uso, macho bado ameyafumba, akingoja kupakwa mafuta.

Hakuna aliyegusa sahani. Nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwa jirani wa ghorofa ya pili. Nikajua basi, mambo yameisha, huyu mtoto anaenda. Mama mkwe aliniangalia, akamwangalia mjukuu wake, akafungua mdomo.

Mume wangu akamtangulia kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mama," akasema, "unakumbuka ile ng'ombe nyeusi?"

"Wachana na ng'ombe yangu."

"Alikuwa akituombea akikamua," mume wangu akaniambia. "Mimi nimeshika taa, yeye yuko chini ya ng'ombe. Siku pasta amekuja kwetu, nikaambiwa niombe. Nikasema, Mungu wetu asante kwa siku hii, simama wewe, tubariki sisi na wageni wetu, rudisha huo mguu, mkia huo, mkia!"

"Ngai!" mama mkwe akajifunika uso kwa leso. "Ulinitia aibu! Pasta mwenyewe alimwaga chai!" Mabega yakaanza kumtikisika, na alipoondoa leso, machozi yalikuwa yakimtiririka kwa kicheko.

"Mtoto umleavyo," mume wangu akasema.

"Kula chakula chako," akajibiwa.

Tulikula. Mama mkwe aliongeza mukimo mara mbili, akausifu. Lakini habari ya safari hakuitaja, na begi likabaki pale pale kando ya kochi. Nililala nikiwa sijui lolote, na kumwuliza niliogopa.

Asubuhi mbio zikaanza kama kawaida. Nilikuwa natafuta mkoba wangu, mume wangu ana mkate mdomoni, mtoto yuko mlangoni na viatu vyekundu miguuni, tayari kwa safari. Lakini sheria ni sheria. Nikafumba macho.

"Baba wa mbinguni, asante kwa kutuamsha," nikaanza.

"Lete mguu," sauti ikasema kutoka chini.

Nikafumbua jicho moja. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti sakafuni, na magoti yake yenyewe ni mabovu. Mtoto, macho yamefumbwa kabisa, akamnyooshea mguu wenye kiatu chekundu.

"Tulinde njiani," nikasema.

"Si hicho," akasema mama mkwe, akikivua. "Kile kingine." Akapeleka mkono nyuma yake, akatoa kile cheusi cha shule, akamvisha.