Mama Plasta na Kitanda cha Ghorofa

Hospitalini walimwita Mama Plasta, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Daktari akishaangalia picha ya eksirei na kuunyoosha mfupa, mgonjwa alipelekwa kwake, kwenye chumba cha mwisho wa korido chenye beseni la maji ya uvuguvugu, mabunda ya bendeji za plasta, na sakafu yenye madoa meupe isiyotakata hata ipigwe deki mara ngapi. Humo alitawala yeye. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mipole na ulimi mkali. Mtoto aliingia analia kwa maumivu akatoka amenuna kwa maneno aliyoambiwa, lakini plasta ilikuwa imeshakaa sawa.

Alimuuliza kila mtoto swali moja. "Umeangukia wapi, baba?" Au, kama ni wa kike, "Umeangukia wapi, mama?" Majibu yalikuwa yale yale: mtini, baiskelini, ukutani kwa jirani. Na tangu watu walipoanza kubanana kwenye nyumba za vyumba viwili, jibu jingine likaongezeka: kitandani. Si kitanda chochote, bali hivi vya ghorofa, mmoja analala juu na mwingine chini. Mama Plasta aliwaona walioteleza kwenye ngazi isiyofungwa, waliorushana kwa mito, na mmoja aliyesimama kitandani akasalimiana na feni ya dari. Huyo walimshona kwanza ndipo wakamfunga. Kila alipomaliza kufunga, alimtazama mtoto usoni na kumwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umepona, umevunjika mkono tu."

Basi alikula yamini kwamba kitanda cha ghorofa hakitavuka kizingiti chake. Mumewe, fundi wa mita za maji, mtu wa maneno machache, hakuwa na haja ya kubishana. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka tisa, na kitanda kimoja kilimtosha, ingawa alilala kama mtu anayegombana na shuka.

Mambo yaligeuka wifi yake Mama Plasta alipofariki. Aliacha binti naye wa miaka tisa, na baba wa mtoto alikuwa wa kusikika tu, kuonekana hapana. Mtoto akalelewa na bibi yake. Mwaka haujaisha, miguu ya bibi ikagoma, ikawa yeye mwenyewe anahitaji wa kumshika mkono kwenda msalani. Familia ikakaa kikao. Palikuwa na ndugu mmoja wa mbali, mwenye duka, aliyesema yuko tayari kumchukua mtoto, "awe anasaidia saidia pale nyumbani." Kila mtu kikaoni alijua maana ya kusaidia saidia. Ni ndoo, ufagio, mtoto wa kubeba mgongoni, na shule kama muda utapatikana.

"Mpwa wangu haendi huko," alisema mume wa Mama Plasta. Hiyo ilikuwa hotuba yake yote.

Mama Plasta hakupinga. Shida ilikuwa chumba. Kitanda cha pili kikiingia, mlango haufunguki. Wakaujaribu kwa meza ya chakula, mlango ukagonga meza na kusimama hapo. Kuwalaza wasichana wawili kitanda kimoja haikuwezekana, maana mgeni angeamka na majeraha. Kumlaza chini sakafuni ndiko kulikomchoma Mama Plasta moyo, kwa sababu alijua majirani na mawifi wengine wangesemaje.

"Kuna kitanda cha ghorofa," alisema mumewe.

"Nimeshasema."

"Umesema, ndiyo. Lakini shule zinakaribia kufunguliwa, na yule wa duka ananipigia simu kila siku."

Mama Plasta alimaliza sahani yake. Alipoanza kuondoa vyombo, alisema, "Sawa. Lakini nitakichagua mimi."

Seremala waliyemwendea aliitwa Fundi Kesho, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila aliyekuja kuulizia kazi yake. Karakana yake ilijaa vumbi la mbao na vitanda vilivyokwisha nusu. Siku hiyo, kwa maajabu, palikuwa na kitanda cha ghorofa kilichokamilika. Mama Plasta hakukisalimia. Alikishika nguzo na kukitikisa kama anayemwamsha mlevi. Kikalia.

"Hiki kimepigwa misumari," alisema.

"Misumari mizuri, mama."

"Msumari unalegea. Nitengenezee cha bolti na nati. Na ngazi ifungwe kwenye fremu, isiwe ya kuegemeza. Vipandio viwe bapa, mtoto akanyage kwa unyayo wake wote."

Akapitisha ngumi kati ya mbao za kingo za kitanda cha juu. Ilipita, na mkono ukafuata mpaka kwenye kiwiko. "Hapa mwili wa mtoto mdogo unapita, kichwa kinabaki. Sogeza mbao zikaribiane."

"Watoto wenu mmesema wana miaka tisa, mama, si wachanga."

"Wageni huja na wachanga. Na ukingo uuweke pande zote mbili."

"Upande mmoja si kuna ukuta?"

"Ukuta hausogei, lakini kitanda kinasogea. Mtoto akidumbukia katikati hapo utakuja kumtoa wewe?"

Fundi Kesho aliweka penseli sikioni. "Mama, unanunua kitanda au unajenga daraja?"

Mumewe alicheka, akaona si busara, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mama Plasta alipanda mwenyewe juu ya kile kitanda kitupu, kilo zake zote, akalala chali, akaegemeza mkono kwenye ukingo kupima kimo chake. Ukingo ulikipita vizuri kiwiko chake. Akaridhika, akataka chake kiwe na ukingo wa kimo hicho hicho. Alipokuwa anashuka, fundi akamwambia, "Kwa juu nunua godoro jembamba, la inchi nne. Lile nene tia chini."

Mama Plasta alilisikia, akalitupilia mbali. Alidhani ni maneno ya kubana matumizi. Duka la magodoro lilikuwa ng'ambo ya barabara, akaenda moja kwa moja akanunua magodoro mawili ya inchi nane, rangi moja, maua mamoja. "Sitaki kuja kuambiwa nabagua watoto," alimwambia mumewe. "Wa wifi yangu atalalia kile kile anacholalia wa kwangu."

Kitanda kilifika siku iliyofuata kesho nyingi za fundi. Kilikuwa imara kweli. Ukikisukuma ni wewe unayerudi nyuma. Mama Plasta alikiweka mbali na dirisha na mbali na feni, akakaza nati zote kwa mkono wake. Akatandika magodoro na mashuka, akarudi nyuma akatazama, na roho yake ikatulia. Ukingo hakuupima tena.

Mtoto alikuja na begi moja. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye adabu ya kupita kiasi, adabu ya mtu anayejua kwamba yupo kwa hisani. Alimwamkia kila mtu, akauliza aweke viatu wapi. Binti wa nyumba, ambaye alikuwa amengoja kuja kwake kama sikukuu, alimvuta moja kwa moja chumbani na wote wawili wakapanda juu. Mama Plasta aliwakuta wamekaa wananing'iniza miguu.

"Wewe shuka," alimwambia mgeni. "Wewe utalala chini. Mwenzako ndiye wa juu."

Mtoto alishuka mara moja. Aliyebisha ni bintiye.

"Mama, kwa nini? Sisi tuna umri mmoja. Tupokezane, wiki mimi, wiki yeye."

"Nimeshasema."

Jikoni mumewe alimuuliza swali lile lile, kwa sauti ya chini. Mama Plasta alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho.

"Wa kwangu akianguka, ni ajali," alisema. "Wa dada yako akianguka, ni mimi. Nitaulizwa nilimweka juu kwa nini. Watasema mama yake angekuwepo asingepandishwa huko."

"Nani atasema?"

"Watu."

Mume alifikiri, akaona kwamba hilo ni kweli na kwamba hana dawa yake, akaenda kuoga.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Asubuhi ya Jumapili, chai ikiwa mekoni, Mama Plasta alisikia kishindo kilichofuatwa na kimya, na kwa uzoefu wake alichokiogopa zaidi ni kile kimya. Alipofika chumbani kilio kilikuwa kimeanza. Bintiye alikuwa sakafuni ameukumbatia mkono wa kushoto, na mpwa wa mumewe amepiga magoti pembeni, amemwekea mto chini ya kichwa. Hakuhitaji picha. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda.

Kabla ya kumnyanyua mtoto alitupa jicho juu. Godoro nene, lililojaa na kutuna, lilikuwa limepanda mpaka karibu na ubao wa juu wa ukingo. Kilichobaki ni upana wa vidole viwili. Ukingo wote ule alioupima akiwa juu ya mbao tupu ulikuwa umemezwa na sponji aliyoinunua mwenyewe. Mtoto anayegombana na shuka alikuwa amebiringika tu, kama mtu anayeteremka kwenye kochi.

Siku hiyo haikuwa zamu yake hospitalini, lakini alivaa aproni na kumfunga bintiye kwa mikono yake. Muuguzi wa zamu, aliyemzoea, alichungulia mlangoni akasema, "Leo hatusikii methali, Mama Plasta?"

Mama Plasta aliendelea kuzungusha bendeji. Asiyesikia alikuwa yeye, aliyevunjika ni mwingine, na kwa hilo methali haikuwa na nafasi. Machozi yalimtoka, akayaacha, maana mikono yote miwili ilikuwa imejaa plasta.

"Hainiumi sana, mama," alisema bintiye, akimhurumia.

Waliporudi nyumbani hakukaa hata chini. "Leta spana," alimwambia mumewe. "Kitanda hiki kivunjwe leo leo."

"Na mtoto alale wapi?"

"Sijui. Kivunjwe kwanza."

Alitangulia chumbani kuvua mashuka, akamkuta mpwa wa mumewe ameketi kando ya kitanda cha chini, begi mapajani. Alikuwa anakunja nguo zake moja moja na kuzipanga. Viatu alikuwa ameshavivaa.

"Unafanya nini, mama?"

"Najiandaa, anti." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Kitanda kikitoka hamna pa kulala. Bibi alisema yule wa duka ana nafasi."

Mama Plasta alikaa karibu naye, na kitanda hakikulia. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu mzima aangalie sakafu. Kwa muda wote ule alikuwa amehesabu midomo ya watu, na mtoto mwenyewe hakumhesabu. Alimweka chini ili yeye asisemwe, na sasa alikuwa anamtoa ili yeye asiogope.

Mumewe aliingia na spana. Alimtazama mkewe, akalitazama begi, akasimama.

"Weka hiyo spana," alisema Mama Plasta. "Nenda lile duka la magodoro mkabala na kwa Fundi Kesho, ukaniletee godoro la inchi nne. Na ukimwona fundi, mwambie alisema kweli. Mwambie tu, usimpe hotuba."

Godoro jembamba lilifika kabla ya jua kuzama. Safari hii alilitandika kwanza, shuka na blanketi juu yake, ndipo akapanda ngazi na kuupima ukingo kwa mkono wake. Ulimfika kwenye kiwiko. Akalala, akajibiringisha kwa nguvu kuelekea nje, mara ya kwanza, mara ya pili, nyumba nzima ikimtazama kwa mshangao. Mbao zilimrudisha. Akashuka anahema.

Bintiye alikuwa ameshajilaza kitanda cha chini kwenye godoro nene, mkono wenye plasta juu ya mto, maana kupanda asingeweza mpaka mfupa uunge. Mama Plasta alimgeukia yule mwingine.

"Haya. Panda."

Mtoto hakusogea. "Nikianguka je, anti?"

"Ukianguka nitakufunga plasta kwa mikono hii, kama nilivyomfunga mwenzako. Na watu waseme mpaka wachoke. Vua viatu."

Alivivua, akapanda taratibu, akishika kila kipandio. Alipofika juu alijilaza, akavuta shuka. Kisha uso wake ukatokea juu ya ukingo.

"Anti, nitalala huku mpaka lini?"

Aliuliza kwa upole, kama alivyouliza mahali pa kuweka viatu. Mama Plasta alichomeka ncha ya shuka chini ya godoro.

"Mpaka miguu yako ifike kwenye ubao wa mwisho," alisema. "Hapo tutamwita fundi akirefushe kitanda."