Mkono Usiogusa Makadamia ya Mukami

Saa mbili asubuhi, pembeni mwa mji wa Embu, Winrose Igoki anatikisa mkebe uliojaa vifuniko vya soda. Kila kifuniko kimeandikwa namba ya gunia la makadamia, njugu zenye ganda gumu. Anageuza uso, anachomoa vifuniko vinne na kumwita mbeba mizigo, Riungu, afungue magunia yenye namba hizo.

Anazamisha mkono hadi kwapani. Anateka makadamia ya juu, ya katikati na ya chini, anayachanganya kwenye beseni, kisha anahesabu mia moja. Hayo ndiyo yatakayopasuliwa. Mabovu yakizidi kumi, bei ya mzigo wote inashuka.

"Huwezi kupasua pikapu nzima," anasema Igoki, mwenye umri wa miaka 38. "Lakini ukichagua kwa macho umeharibu. Mkulima ameweka mazuri juu, na mnunuzi naye anatafuta mabaya. Ndiyo maana tunapiga kura."

Kibarua hiki humpa shilingi 800 kwa siku katika ghala la Jamaldin, mfanyabiashara aliyezaliwa mjini humu. Amepima mizigo ya mamia ya wakulima. Leo kuna mzigo mmoja ambao hataugusa.

Pikapu kutoka kijiji cha Kibugu inaingia. Mwanamke aliyeketi mbele ni Mukami, dada yake mkubwa. Igoki anaweka mkebe chini, anajifuta mikono na kusogea kando. Riungu anachukua nafasi yake bila kuambiwa.

Igoki alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano baba yao alipopanda miti iliyozaa makadamia haya.

"Nilibeba maji kwa kichwa kutoka mtoni, nikaimwagilia mmoja mmoja," anasema. "Mukami alikuwa shule ya bweni. Hakuna hata mmoja alioumwagilia."

Baadaye aliolewa Meru, akauza mitumba sokoni hadi ndoa ilipovunjika. Aliporudi, baba alikuwa amefariki na shamba lote lilikuwa la Mukami, aliyemuuguza mpaka mwisho. Igoki akapanga chumba mtaani Majimbo.

"Namwonea wivu, sitaki kukudanganya," anasema akiitazama pikapu.

Msimu uliopita wivu huo ulianikwa hadharani. Igoki alipima mzigo wa dada yake, na mabovu yakawa kumi na manne.

"Huo ni wivu, Igoki," Mukami alimwambia mbele ya wakulima wenzake. "Umetafuta mabaya ukayapata."

Jamaldin akaamuru Riungu arudie kwa magunia mengine. Mabovu yakawa kumi na mawili.

"Niliwaeleza ukiteka mara mbili hesabu haiwezi kufanana kabisa, inakaribiana tu," Jamaldin anakumbuka. "Zote mbili zilipita kumi. Bei ikabaki palepale."

Mukami hakuridhika.

"Kwake, hayo mawili niliyomzidi Riungu ndiyo wivu wangu," anasema Igoki. "Na ubaya ni kwamba nilifika nyumbani nikajiuliza. Sikuangalia, hilo najua. Lakini mkono ukiwa ndani, vidole si vinajua gunia ni la nani?"

Kesho yake alimwomba mwajiri wake asipewe tena mzigo wa dada yake.

Sasa Riungu amemaliza kupasua.

"Mabovu manne," anatangaza.

Daraja la kwanza. Igoki anaandika ubaoni kwa chaki.

"Ningefurahi yangekuwa kumi na moja," anasema polepole. "Andika hivyo. Ni ukweli."

Mukami anashuka na kumfuata hadi kwenye ubao.

"Igoki, kile kipande cha chini karibu na mto bado kiko wazi. Miche yako itazeekea kwenye karatasi."

"Nimesikia."

"Kila mara umesikia," Mukami anajibu, kisha anarudi kwenye gari.

Miche anayoisema iko nyuma ya chumba cha Igoki: thelathini ya makadamia, aliyoiotesha mwenyewe kwenye karatasi za nailoni. Hana pa kuipanda. Dada yake amekuwa akijitolea kumpa kipande hicho tangu ugomvi ule upoe, naye hajawahi kusema ndiyo.

"Nikikubali itabidi nimshukuru," anasema. "Nimshukuru kwa shamba la baba yangu. Hapo ndipo pananishinda."

Lakini mvua za Oktoba zimekaribia na mizizi imeanza kutoboa nailoni. Igoki ameshaongea na mwenye pikapu atakayeibeba miche.

"Jumamosi naenda Kibugu na miche yote," anasema. "Tutaanzia kwa chifu. Mukami aseme mbele yake kwamba kipande ni changu. Asiposema, nitarudi nayo Majimbo."

Na akisema?

Igoki anaokota beseni na kukung'uta maganda. Mkulima mwingine anasubiri.

"Nitapanda siku hiyohiyo," anasema. "Halafu nitaomba Mungu izae kuliko yake."