Mkeka wa Mama Sebuleni

Mama yangu alijulikana mtaani kwetu Kibuli kuwa mvivu. Mchele aliuchambua akiwa amejilaza ubavu mkekani, na wageni akawapokea vivyo hivyo. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akimkuta hapo anasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Wifi, kaa vizuri, una wageni. Kwani huo mkeka ndio uliokuzaa?" Mama alicheka tu. Akikaa kwa heshima, midomo ilibadilika rangi na pumzi zikamkatikia, basi analala tena. Alifariki nikiwa sekondari. Hata msibani kuna mtu alisema sasa amepumzika kama alivyopenda, na huyo sijamsamehe mpaka leo.

Mwaka jana ngazi za kazini zikaanza kunishinda mimi. Nilipewa dawa ya pumu ya kuvuta, nikavuta weee, bure kabisa. Mwishowe daktari wa mapafu, mama mmoja mpole, akanibana kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni. Nikilala, namba inapanda. Nikikaa, inashuka. Akauliza kama kwetu kuna mtu wa kutokwa damu puani, au aliyependa kujilaza.

Nilitaka kumtaja mama. Machozi yalinitangulia.

Nikadungwa mshipani maji ya chumvi yaliyotikiswa hadi yakatoa mapovu, na kwenye skrini ya kuangalia moyo mapovu hayo yakatokea upande wa moyo ambao hayakupaswa kufika. Kwa kawaida mapafu huyazuia, akanieleza. Kwangu kuna mishipa iliyoungana vibaya, damu inakatiza humo bila kuchukua hewa, na nikikaa inakatiza zaidi. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi, na ndio huohuo huwatoa watu damu puani. Mishipa hiyo huweza kuzibwa.

Huweza kuzibwa. Nilitaka nikimbie nyumbani nikamwambie mama. Niliwaza hivyo kweli, kana kwamba yupo ananingoja.

Nikaenda kwa shangazi. Ilikuwa Idi, sebule imejaa watu. Nikamweleza mbele yao wote, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba wifi yake hakuwa mvivu, alikuwa anatafuta hewa. Shangazi akainuka kwa shida, akaukokota mkeka kutoka chumbani, akautandika katikati ya wageni.

"Lala, mwanangu," akasema. "Lala upumue."

Nikalala, nikamlilia mama yangu, na hakuna aliyeniambia nikae vizuri.