Kuku wa bibi amelala chini ya kitanda changu

Leo nimegundua kwamba jana niliinyima familia nzima nyama.

Nipo Kinampanda, huku milimani, kwa bibi yake mume wangu. Mara yangu ya kwanza.

Jana nafika tu, shikamoo, marahaba, bibi akanikabidhi kuku hai. Nikashukuru, nikamfunga kamba mguuni, nikamweka chini ya kitanda. Nikajua zawadi ya kurudi nayo Dar.

Tukala ugali na mlenda. Watu wanatupiana macho, mimi nausifia mlenda.

Asubuhi hii wifi yangu kanieleza huku anabana kicheko: hapa mgeni anaonyeshwa kuku wake, kisha anamrudisha achinjwe. Walinisubiri mpaka wakachoka.

Jamani, aibu niliyoiona. Nikainama kumtoa nimpeleke jikoni.

Kataga. Yai bado la moto, juu ya kanga yangu mpya.

Nikampelekea bibi vyote viwili. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Huyu hachinjwi tena, mke mwenzangu. Kapapenda kwako. Mwache atage, aatamie.”

Mchana tumekula jogoo. Kuku karudi chini ya kitanda, na mimi nimeambiwa siondoki mpaka nione vifaranga.

Likizo niliyoomba ni siku nne. Bosi nimwambie nini?